Shu Zilizokwenda Mavivi

Alhamisi ile nilijua kwamba bondeni kuna kitu kimeharibika kabla hata sijashuka kwenye moto, pikipiki ya kukodi. Hapakuwa na sauti ya nyuki. Lile bonde liko pembeni mwa Bulengera, na wanawake wa pale walikuwa wamepanda maboga kuzunguka mashamba yao ya shu, yaani kabichi. Asubuhi yoyote ya jua, maua ya maboga yalivuma kwa nyuki hadi ukazoea na kuacha kuyasikia. Siku hiyo nilisikia mto tu.

Nilikuwa moniteri wa kilimo, mtumishi wa serikali anayezunguka mashambani kuwashauri wakulima. Kwetu ni Kindu. Nilipopangiwa Butembo sikujua hata neno moja la Kinande, na mwaka wa kwanza wanawake wa bonde walinicheka kwa namna nilivyotembea kwenye matope. Ila walinipenda, kwa sababu nilikuja kila Alhamisi bila kukosa, nikachuchumaa kati ya shu zao na kugeuza majani moja moja, nikitafuta vidukari.

Wao waliwaita majivu. Sehemu hizi zina vipindi viwili vya jua, kile kifupi cha Januari na Februari, na kile cha Juni na Julai. Mvua ikikatika, wiki ya kwanza huoni kitu. Wiki ya pili, chini ya jani moja la pembezoni, unamkuta kidukari mmoja mwenye mbawa amezungukwa na watoto wake. Hahitaji dume, hatagi mayai. Anazaa watoto hai, nao baada ya siku chache wanazaa wao. Wote wamezamisha midomo yao kwenye jani wakinyonya maji yake. Wiki ya nne majani yamegeuka njano na kujikunja, moyo wa shu umekataa kufunga, na juu yake kuna unga wa kijivu kana kwamba mtu ametikisia pale majivu ya jikoni. Mvua kubwa za Agosti zikianza, zinawaangusha chini kwenye matope, na wengi hawapandi tena.

Ndivyo ilivyokwenda miaka miwili niliyoandika kwenye daftari langu. Mwaka wa kwanza niliwaambia wanawake wangoje, mvua itawasafishia mashamba, ikawa. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka wa tatu nikasema tena, na safari hii kwa sauti ya mtu anayejua.

Agosti ikaingia bila wingu. Prezidanti wa chama cha wanawake alikuwa mjane aliyepita miaka hamsini, Mkatoliki wa kufika misa ya asubuhi hata siku za kazi, na watoto wake sita alikuwa amewasomesha kwa shu. Siku za kawaida aliniita mwanangu. Akikasirika nilikuwa madame. Wiki moja kabla ya Alhamisi ile alinikuta nimechuchumaa shambani mwake, akasimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Madame, mvua iko wapi?"

"Inakuja, mama. Ngoja paka siku kidogo."

"Siku kidogo njo ngapi?"

Nilimwonyesha jani. Katikati ya vidukari wa kijivu kulikuwa na wengine waliovimba, wa rangi ya kahawa, wasiotembea.

"Ona izi zenye kuvimba. Zimekufa. Kuko kadudu kadogo sana, kako na mbawa, kanaweka yai ndani ya mwili wa majivu, na mutoto wake anamukula ndani kwa ndani. Wiki ya jana hazikukuwa. Leo zinaanza kuwa mingi. Hata mvua ikichelewa, bale badudu batatusaidia."

Aliinama, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Miye naona paka majivu," akasema, yaani majivu tu, akaenda zake.

Basi Alhamisi ile niliteremka kwenye moto na kuingia shambani kwake. Nusu ya shu zilikuwa zimekatwa. Kwenye nusu iliyobaki, vidukari walikuwa wamekauka juu ya majani. Chini, kwenye udongo, nikaona vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi vinavyokula vidukari, vimelala chali, miguu imekunjwa. Kulikuwa na harufu ya kitunguu saumu kilichooza, imechanganyika na ya petroli. Nilifunika pua kwa mkono wa shati.

Prezidanti alikuwa mtoni, anasugua mikono kwa mchanga.

"Ulipiga dawa," nikasema.

"Nilipiga."

"Siku gani?"

"Juzi asubuhi."

"Dawa gani, mama? Onyesha."

Alitoa chupa kutoka chini ya kapu. Karatasi yake ilikuwa imebanduliwa, imebaki gundi tu. Alikuwa ameinunua kwa mchuuzi mmoja wa kupita, aliyesema imeingilia Kasindi, mpakani, na kwamba ndiyo ile wanayopiga kwenye pamba. Nilifungua kifuniko, nikakifunga haraka. Macho yaliniwasha.

"Alikuambia ungoje siku ngapi mbele ya kukata?"

"Hakusema. Na miye sikuuliza."

"Zenye ulikata ziko wapi?"

Hapo akaacha kusugua mikono. Alinitazama, na nadhani kwa mara ya kwanza alisikia ninachomwuliza.

"Muchuuzi wa shu alikuja leo saa kumi na mbili asubuhi, na Fuso. Alipakia zote. Zinaenda ku Mavivi, ku jiko la bakimbizi."

Nilijua jiko hilo. Mavivi ni kule ukingoni mwa Beni, upande wa uwanja wa ndege, na familia zilizokimbia vita katika vijiji vya kaskazini zilikuwa zimelazwa kwenye madarasa ya shule moja. Masista walikuwa wakiwapikia chakula kimoja kwa siku, saa saba. Saa yangu ilionyesha tatu na dakika tano.

Nilipiga simu ya yule mchuuzi wa shu. Haipatikani. Nikapiga tena mara tatu. Sikuwa na namba ya sista yeyote. Nikampigia mwenzangu wa Beni, akajibu kwa kelele za malori. Alikuwa Kasindi tangu jana, anafuata mbegu forodhani. Alisema atatafuta mtu wa kumpigia. Sikusikia tena sauti yake hadi jioni.

"Twende," nikamwambia dereva wa moto, ambaye alikuwa bado hajaondoka.

Prezidanti alikuwa ameshafunga kitenge kiunoni na anapanda nyuma yangu.

"Mama, bakia."

"Hapana. Weye ni mutu wa biro, wa serikali. Batasema unaleta mambo ya biro. Miye, bataniamini."

Tukaenda watu watatu juu ya moto moja.

Sitasahau vumbi la ile safari. Kila lori tulilolipita lilitufunika, tukatoka wekundu hadi kope. Sikuweza kufikiri kitu kingine zaidi ya masufuria. Nilijaribu kupiga hesabu ya muda, kwamba Fuso lililojaa linakwenda polepole, kwamba labda limepasuka gurudumu, kwamba labda masista wamepika maharage leo. Mikono ya prezidanti ilinishika mbavuni kwa nguvu, na nilisikia midomo yake inatembea mgongoni mwangu. Alikuwa anasali rozari bila rozari, anahesabu kwa vidole juu ya mbavu zangu.

Njia ilikuwa imebaki kama theluthi tulipokuta bariera ya askari. Kamba ilivutwa kukatisha njia, magari yamepanga foleni, abiria wameketi majanini. Fuso halikuwepo kwenye foleni. Muuza ndizi mmoja alituambia lilikuwa limepita kitambo, kabla ya milio. Milio gani? Akaelekeza kidevu mbele, kwenye mashamba ya kakao. Risasi zilikuwa zimesikika huko. Hakuna anayepita.

Tulingoja. Saa yangu ilisema nne na nusu, halafu tano kasoro robo, halafu tano. Magari mawili yaligeuza na kurudi Butembo. Dereva wa moto alichomoa ufunguo, akauweka mfukoni, akautoa tena. Prezidanti alikaa kando yangu juu ya jiwe.

"Ile dawa inaua?" akauliza.

"Inaweza."

"Mutu mukubwa?"

"Mutoto mbele. Inategemea alikula ngapi. Kuchemsha haitoshi kuiondoa, mama."

Kisha akasema, bila kunitazama, "Miaka mbili ulisema mvua, na mvua ikakuja. Nikafikiri unajua. Ile siku nilikuuliza siku ngapi, nikaona macho yako. Nikajua haujui. Njo nilienda kununua."

Nilitaka kumjibu kwamba wale vidukari wa rangi ya kahawa walikuwa wa kweli, kwamba siku kumi zaidi zingetosha. Lakini hilo silo aliloniuliza siku ile. Aliniuliza siku ngapi, na jibu lilikuwa sijui, na mimi nikamwonyesha jani. Niliona haya. Katika kazi yetu, moniteri akisema sijui, mkulima anauliza serikali imemleta kufanya nini. Kwa hiyo nilikuwa nimejizoesha kulikwepa neno lile, na sasa lilikuwa limenileta hapa, kwenye kamba.

Niliinuka nikaenda kwa mkubwa wa wale askari. Alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Bozokende wapi?" akaniuliza, tunaenda wapi.

Lingala yangu ni ya nyimbo tu, lakini niliikusanya yote. "Mavivi, komanda. Bilei ezali na poizo. Bana bakolia yango na midi."

Chakula kina sumu, watoto watakila mchana. Alinitazama, akamtazama na prezidanti aliyekuwa amepiga magoti pembeni ya jiwe, mwekundu kwa vumbi. Akaomba karatasi yangu ya kazi, akaisoma pande zote mbili. Akaenda pembeni na redio yake. Nilisikia kelele za redio, kisha kimya, kisha kelele tena. Aliporudi alishusha kamba kwa mguu.

"Moto tu. Soki boyoki masasi, bozonga."

Tukisikia risasi, turudi. Ningemwelewa dereva wa moto kama angekataa. Alirudisha ufunguo mahali pake, tukapita.

Sehemu iliyofuata ilikuwa tupu. Nyumba zilifungwa. Mbele ya mlango mmoja kulikuwa na sufuria juu ya mafiga, moshi bado unatoka, na hakuna mtu. Mbuzi alisimama katikati ya njia, tukamkwepa. Dereva alikuwa amejilaza juu ya tangi, nami nilijilaza juu yake, na prezidanti juu yangu, kana kwamba tukijikunja tungeonekana wadogo. Sikusikia risasi. Nilisikia injini tu, na kila ilipokohoa moyo wangu ulikohoa nayo. Tulipoona nyumba za kwanza za Beni zenye watu barazani, dereva aliketi wima na kuvuta pumzi kwa sauti kubwa. Hatukusimama. Tulikata mji wote kwa honi.

Tulifika kwenye ile shule saa saba kasoro dakika chache. Watoto walikuwa wamejipanga kwa sahani zao, foleni inazunguka darasa la mwisho. Mapipa mawili yalikuwa motoni, yanachemka, na harufu ya shu ilikuwa imejaa kiwanja chote. Nyuma ya mapipa niliziona nyingine, zimerundikwa juu ya turubai.

"Bamekula?" nikapiga kelele. "Bamekula?"

Sista mkubwa, aliyeshika mwiko mrefu, aligeuka. "Bado. Weye ni nani?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, na maneno ya biro, kama prezidanti alivyotabiri. Sista alisikiliza huku akitazama foleni.

"Madame, hawa batu hawakukula tangu jana asubuhi. Jana hatukupata kuni. Uko na karatasi ya kusema izi shu ni mubaya?"

Sikuwa na karatasi. Prezidanti alinipita. Akasimama kati ya mapipa na foleni, akasema kwa Kinande, kwa sauti ile ya kuitana ng'ambo ya bonde, na wengi wa wale wakimbizi walikuwa Wanande kama yeye. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alinitafsiria bila kuombwa. Alisema, mimi ndiye niliyezilima shu hizi. Alisema, nilizipiga sumu juzi, nikaziuza leo. Alisema, mikono ni hii.

Kisha mtu akapiga kelele kwamba anadanganya, wanataka shu ziende kwingine. Mama mmoja akaanza kulia, mwanawe ana njaa. Foleni ikaanza kusukumana kuelekea kwenye mapipa.

Prezidanti alichukua sahani ya mtoto wa mbele, akapokonya mwiko mkononi mwa sista, akajaza sahani.

"Kama mutabapa batoto, nitakula wa kwanza," akasema kwa Kiswahili, akimtazama sista. "Sahani yote. Mutangoja, mutaniangalia."

Akaipeleka mdomoni. Mvuke ulimpiga usoni. Nilimshika kifundo cha mkono, naye akavuta kwa nguvu, na mchuzi wa moto ulitumwagikia sote wawili. Hakuwa anaigiza. Hilo najua, kwa sababu nilikuwa nimemshika.

Sista alituangalia kitambo kidogo. Halafu akainama, akaanza kuchomoa kuni chini ya pipa, moja moja, akizitupa mbali.

Hapo ndipo msichana mmoja akaja kusema kwamba kuna mama anatapika nyuma ya darasa.

Alikuwa mmoja wa waliokatakata shu. Alikuwa akitafuna mioyo ya shu mbichi huku akikata, kwa njaa. Tulimkuta ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, mate yanamwagika, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Nilijua maana ya mboni hizo, ile dawa imeingia mwilini. Dereva wa moto alikuwa ameketi anakunywa maji, aliyamwaga, akawasha. Prezidanti alipanda nyuma akimkumbatia yule mama ili asianguke, na mimi nikawafuata mbio kwa miguu hadi kituo cha afya, chupa ya dawa mkononi. Muuguzi alinusa chupa, akasema "bon", akachoma sindano, akangoja, akachoma tena, hadi mdomo wa mgonjwa ulipoanza kukauka. Saa kumi alasiri akatuambia atapona. Niliketi chini sakafuni.

Kule shuleni walichimba shimo wakazika zote. Watoto walikula karibu na saa kumi na moja, maharage na ugali wa muhogo walivyokusanya masista nyumba kwa nyumba. Niliporudi kuwaaga, mtu alinirushia kipande cha shu, kikanipiga begani. Sikugeuka.

Mvua ilinyesha Jumamosi. Ilinyesha siku nne. Ilipopumzika, majivu yalirudi kwenye ile nusu ya shamba iliyobaki, mengi kuliko mwanzo, maana dawa ilikuwa imeua kila kilichokuwa kinayala. Tuling'oa shamba zima. Kwenye mkutano wa chama, wengine walitaka kumfukuza prezidanti. Nilisimama nikawaambia sehemu yangu, kwamba aliniuliza swali na mimi nikamwonyesha jani. Alinikatiza katikati: "Kaa, mwanangu." Akaacha uprezidanti yeye mwenyewe, akabaki mkulima. Kwenye ripoti ya biro niliandika hivyohivyo. Mkuu wangu aliisoma, akaniuliza kama nina hakika nataka jina langu lionekane mle. Nikasema ndiyo. Wanawake wa bonde sasa wananiuliza, nami mara nyingine nawajibu sijui. Baadhi wameacha kuniuliza.

La kituo cha afya nilichelewa kulijua. Mimi nilirudi Butembo kesho yake, prezidanti akabaki siku nne kando ya mgonjwa. Alinisimulia mwaka mmoja baadaye, tukipandikiza miche, mikono yetu udongoni.

Yule mama alipopata nguvu aliuliza, "Weye unaninywesha uji, uko nani?" Prezidanti akamwambia. Yule mama akageukia ukuta, akakaa hivyo mchana mzima, hakula, hakusema. Asubuhi akageuka, akafungua mdomo, akala uji kwenye kijiko kilekile. Hakusema neno siku hiyo, wala iliyofuata. Siku ya kutoka alifunga kitenge chake mwenyewe, akafika mlangoni, akasimama.

"Usirudilie ile kitu," akasema.

"Sitarudilia," prezidanti akajibu.

Wakaachana hapo, mmoja akashika njia ya shule, mwingine akatafuta moto ya kurudi Butembo.